Bikoni Namba Saba na Siku ya Kupumzisha Majembe

Usiku wa kuamkia Alhamisi niliota, mwenzenu, nimeitwa kwenye ofisi ya kudhibiti matumizi ya ardhi ya hifadhi, na ofisi yenyewe imejengwa katikati ya Uwanda wa Nkweni, mahali ambapo hata banda la kuku haliruhusiwi. Ina kuta nne na haina paa. Juu ya mlango kumeandikwa KUJENGA HAPA NI MARUFUKU.

"Mbona nyinyi mmejenga?" nikauuliza mlango.

"Tumejenga ili tupate pa kukatazia," mlango ukajibu, ukafunguka wenyewe.

Kabla sijaingia ni haki yenu mjue nilifikaje pale, maana ndoto kama hii haimwangukii mtu hivi hivi. Mimi ni Eliakimu Mrutu, mwalimu mstaafu wa kijiji cha Vuhondo, huku juu milimani Upare. Kila mwaka, tukishavuna maharage, kijiji kizima hupanda Nkweni siku moja kwenda kupumzisha majembe. Kila mtu hubeba jembe lake, hulilaza kwenye nyasi, na hakuna wa kuligusa mpaka jua lizame. Majembe yakishalala watu wanakula makande, wasichana wanacheza rede, wanaume wanacheza bao na kuibiana kete. Ndiyo burudani yetu. Hatuna nyingine na hatujawahi kuomba nyingine.

Mpaka ulipimwa zamani, ila mwaka juzi uwanda ukafanywa hifadhi. Sawa. Pale pana maua yasiyoota kwingine na kandege kasikoishi kwingine, na mimi mwenyewe niliwafundisha watoto kukatambua. Sina ugomvi na hifadhi. Ugomvi wangu ni na fomu.

Fomu inauliza: idadi ya washiriki. Sasa kwetu watu hawahesabiwi. Ukihesabu watoto wa mtu unawapunguza. Hilo linajulikana na halina mjadala. Siku ile huwa tunahesabu majembe, kwa sababu kila jembe lina mtu wake, na jembe likihesabiwa haliugui. Kwa hiyo mwaka juzi niliandika kama tulivyozoea: majembe mia moja na arobaini. Baada ya miezi minne likaja jibu. Ombi lako la kulima ndani ya hifadhi limekataliwa.

Mwaka jana nikajaza upya, kwa adabu zote, nikaandika: watu, ila hawahesabiki. Wakajibu kwamba idadi isiyo na kikomo hairuhusiwi. Mwaka huu nikasema potelea mbali, naandika watu mia moja na arobaini tuyamalize. Mama yangu akaninyang'anya kalamu. Mama anaitwa Nakundwa, ana miaka themanini na mmoja, na siku ile ni yake. Yeye ndiye hulaza jembe la kwanza, na bila la kwanza hakuna la pili.

"Unataka kumhesabu nani wewe?" akaniuliza. "Utaanza na mtoto wa nani?"

Nikairudisha fomu mezani. Na barua yao ya mwisho ilikuwa na kifungu kidogo chini kabisa, kile ambacho mtu husoma wakati amekwisha kukunja karatasi: matumizi ambayo hayakufanyika wala kuandikwa miaka mitatu mfululizo yatahesabiwa kuwa hayajawahi kuwapo. Yakiandikwa hata mara moja, hata ya mtu mmoja, yanabaki hai. Mwaka wa tatu unaisha Jumamosi hii. Jumamosi ikipita, mama hana tena pa kulaza jembe lake, si mwaka huu, si mwaka wowote.

Sisi Wapare tunachekwa kwamba mtu wetu huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ni kweli, tunauza. Lakini kesi hii sikujua hata nimuuzie nani ng'ombe. Subira huvuta heri, wanasema; yangu ilikuwa imevuta fomu. Nikalala na hasira, na viatu nikasahau kuvua.

Basi, mlango ukafunguka.

Ndani kuna meza, na nyuma ya meza ameketi bikoni. Nasema lile jiwe la mpaka, la zege, namba saba, ambalo nimelipita maisha yangu yote nikielekea Nkweni. Amevaa tai. Namba yake iko pale pale kichwani, ila ameipaka upya rangi nyekundu kwa ajili ya kikao, na bado haijakauka.

"Karibu, Mwalimu," Bikoni anasema. "Utanisamehe sinyanyuki. Nikisogea ni kosa la jinai."

"Nimekuja kuhusu kibali."

"Cha kulima."

"Cha burudani."

"Mnaleta majembe mia moja na arobaini kwenye burudani?"

"Yanapumzika, mzee."

Bikoni anaandika. Hana mikono, lakini kalamu inaandika yenyewe kwa kuheshimu cheo chake. "Yaite," anasema.

Nageuka na kuona kuna benchi refu la wanaosubiri, na majembe yote yamekaa juu yake, mipini wima, kimya, kama wagonjwa wa zahanati. Jembe la mama yangu liko la kwanza. Nalijua kwa sababu limelika kwa miaka hata limebaki upana wa kiganja, na mama hataki lingine.

"Jina?" Bikoni analiuliza.

"Jembe."

"Kazi yako?"

"Kulima."

Bikoni ananitazama kwa ushindi. Mimi nalitazama jembe kwa namna ambayo nilikuwa nawatazama wanafunzi waliojibu kabla swali halijaisha.

"Mwambie na leo umekuja kufanya nini," nalisihi.

"Leo nimekuja kulala," jembe linasema.

Kalamu inasimama. "Kulala ndani ya hifadhi ni kambi," Bikoni anasema. "Kambi ina fomu yake."

"Yanalala mchana!"

"Kambi ya mchana. Fomu ya kijani."

Nimefundisha miaka thelathini na minne, darasa la watoto themanini, madirisha hayana vioo, na mvua ya mawe imewahi kunikuta katikati ya sehemu na desimali. Sikuwahi kupandwa na hasira kama niliyokuwa nayo mbele ya jiwe lile lenye tai. "Nipe hiyo ya kijani," nikasema.

"Imekwisha," Bikoni akasema. "Nenda kwa mtaalamu kwanza."

Hapo ofisi ikawa darasa la nne. Hakuna aliyeshtuka. Majembe yakajipanga kwenye madawati, mawili mawili, na mbele ya ubao akatua yule kandege wa Nkweni, mwenye duara jeupe kuzunguka kila jicho, ambaye siku zote nimekuwa nikisema anafanana na mtu aliyevaa miwani. Safari hii alikuwa amevaa miwani kweli, juu ya yale maduara.

"Mimi ndiye mtaalamu wa athari," akasema kwa sauti ndogo sana. "Kanuni ni moja tu. Ukiondoka uwandani, uuache kama ulivyoukuta. Unaikubali?"

"Naikubali. Hata sisi tunaokota maganda yetu."

"Vizuri. Ulipofika ulikuta nyasi zimesimama au zimelala?"

"Zimesimama."

"Na mlipokaa?"

"Zimelala kidogo. Kwa muda."

"Zisimamishe."

Sasa nimepiga magoti uwandani, jua la saa nne liko mgongoni, nasimamisha nyasi moja moja kwa vidole viwili. Nafikiri ni kazi ya kipuuzi lakini ina mwisho. Haina. Nyasi ya kwanza inaniambia haikuwa imesimama namna hiyo, ilikuwa imeinama kushoto. Naiinamisha kushoto. Ya pili inasema ilikuwa imeiegemea ya kwanza, na kwa kuwa ya kwanza nimeigusa, shauri lote lianze upya. Ya tatu inataka wakili.

"Kulikuwa na umande," kandege ananikumbusha kutoka juu ya bega langu.

"Umekauka. Jua limeukausha."

"Jua lina kibali?"

"Liulize!"

Kandege akageuza kichwa, akalitazama jua kwa adabu, akaandika kitu. Jua likasogea pembeni kidogo, kama mtu asiyetaka matatizo.

"Halafu ulipofika kuna kunguru aliyelia mara tatu," akaendelea. "Huwezi kuondoka mpaka alie tena mara tatu."

Namwona kunguru juu ya jiwe. Namwomba alie. Anasema leo hajisikii. Namwambia, kaka, kijiji kizima kinakutegemea, lia tu mara tatu, hata kwa sauti ya chini. Analia mbili. Anasema ya tatu atalia akiona umuhimu wake.

Nikakaa chini. Sikuona haya, nikakaa kama mtoto aliyenyimwa. Nikasema kwa sauti kwamba sisi hatuombi kujenga hoteli, hatuombi kuleta magari ya kuruka matuta, hatuombi hata choo. Tunaomba kukaa. Siku moja, na mama yangu ana miaka themanini na mmoja, na kila mwaka mlima unamrefukia. Kandege akasikiliza mpaka mwisho. Akasema maneno yangu yamemgusa na yataambatanishwa.

Kengele ya shule ikalia.

"Jumamosi," akatangaza Bikoni. Alikuwa pale pale, kwa sababu yeye hasogei. Ni dunia ndiyo iliyokuwa imezunguka ikamrudia. "Imebaki mpaka machweo. Baada ya hapo matumizi haya hayajawahi kuwapo."

"Hayajawahi kwa maana gani?"

"Kwa maana ya kifungu."

Nikasikia baridi miguuni. Nikainama kutazama. Miguu haikuwapo. Suruali ipo, imeanguka vizuri mpaka chini, lakini mwisho wake pana nyasi tu, tena zimesimama, hakuna aliyezikanyaga.

Ilinichukua muda mfupi kuelewa, kwa sababu nimesimuliwa habari ile tangu utotoni. Baba yangu, marehemu Mzee Mrutu, hakuwa wa Vuhondo. Alikuja Nkweni mara moja kumsindikiza binamu yake, akalaza jembe lake kwenye nyasi kama wengine, na jioni akaokota jembe la mama kwa makosa akaenda nalo kwao. Akakaa nalo miezi mitatu. Akalirudisha siku ya Jumapili, amevaa kanzu mpya, na akaja na mjomba wake kuposa. Mama anasema hajawahi kuamini kwamba yalikuwa makosa.

Kama Siku ya Kupumzisha Majembe haijawahi kuwapo, basi jembe halikuchukuliwa. Na kama halikuchukuliwa halikurudishwa. Nikahesabu haraka haraka nikafika kwangu mwenyewe.

"Nafutika," nikamwambia Bikoni.

Alinitazama. "Mwombaji hana miguu," akaiambia kalamu. "Saini ya awali ilitolewa na mtu mwenye miguu. Ombi lianze upya."

Sijui mngefanya nini. Mimi nilimwita mama.

Uwanda ukawa jiko la mama, na jiko likawa bado liko uwandani, na mama amekaa kwenye kigoda anakoroga sufuria kubwa ya makande. Chini ya sufuria hakuna kuni wala makaa. Pameandikwa tu kwenye kibao: MOTO HAURUHUSIWI.

"Nimeamriwa nichemke bila moto," sufuria ikaniambia. Ilikuwa inatoka jasho. "Najitahidi, lakini sikusomea."

"Chemka, acha maneno," mama akasema, ikachemka.

Nikamweleza mama kila kitu, kwa mkato, maana sasa nilikuwa nimeishia magotini. Alisikiliza huku anapakua. Hakuonekana kushangaa kwamba mwanawe anafutika. Akachukua bakuli lake la bati lenye ukingo wa bluu, lile ambalo mtu mwingine hali nalo, akalijaza makande, akainuka polepole akishika kiuno, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya Bikoni.

Bikoni ni jiwe, lakini jiwe la Upare, na adabu ilimlazimu.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umechakaa sana. Hawakupaki chokaa siku hizi?"

"Bajeti, mama."

"Hebu nikuulize kitu," mama akasema. "Siku wanakuchimbia hapa, mimi nilikuwapo. Wewe unakumbuka ulikuta nini?"

Tai ya Bikoni ikalegea kidogo. Kandege akavua miwani, akabaki na maduara.

"Usinyamaze, unahojiwa," mama akasema.

"Nilikuta…" Bikoni akaanza. "Zege langu lilikuwa bichi. Sikuwa naona vizuri. Nilikuta nyasi, ndiyo. Nilikuta upepo. Nilikuta akina mama wamekaa. Majembe yamelala upande ule. Wapimaji walikuwa na njaa, mkawapa chakula. Na dada mmoja akacheka, akasema na huyu mgeni wa zege apewe chake, akaniwekea bakuli kichwani."

"Dada huyo alikuwa na nini mgongoni?"

"Mtoto. Alikuwa analia."

"Ndiye huyu hapa asiye na miguu," mama akasema, na akamwekea bakuli kichwani, juu ya ile namba saba mbichi, pale pale alipomwekea mara ya kwanza.

Niliona Bikoni anafumba macho. Sikuwa nimegundua kabla ya hapo kwamba ana macho. Mvuke wa makande ulikuwa unamteremkia usoni.

"Mtaalamu," akasema hatimaye. "Kanuni inasemaje?"

"Uwanda uachwe kama ulivyokutwa," kandege akasema.

"Ulikutwa na watu."

"Ulikutwa na watu," kandege akakubali, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake.

"Basi miaka hii miwili, Nkweni imekuwa tupu bila kibali. Nani alibadilisha matumizi?" Bikoni akainua sauti. "Niitieni Utupu!"

Utupu ukaitwa. Mlango ukafunguka na hakuna aliyeingia, akakaa kwenye kiti. Majembe yote yakageuka kumtazama.

"Umekaa Nkweni miaka miwili," Bikoni akasema. "Una kibali?"

Utupu haukujibu.

"Iandikwe kwamba umekiri. Unapewa notisi ya kuondoka."

Kiti kikabaki vile vile. Lakini nawaambia, uzito ulitoka mahali pale, na nyasi zote zikalala zenyewe, duara kubwa la kutosha kijiji kizima, bila kuulizwa kama zilikuwa zimeinama kushoto au kulia. Kunguru akalia mara ya tatu. Nikasikia ganzi na nikaona miguu yangu inarudi, kuanzia magotini, mpaka kwenye vifundo. Vidole niliambiwa vitafuata ndani ya siku kumi na nne za kazi.

Nikataka kumshika mama mkono. Nikataka kulia, na sioni haya kusema hivyo.

"Ila," Bikoni akasema.

Niliifahamu ile ila. Nimeisikia kwenye kila dirisha la kila ofisi tangu nilipostaafu.

"Ila safu moja bado iko wazi. Idadi ya washiriki."

"Majembe mia moja na—"

"Watu, Mwalimu. Watu wangapi?"

Nikamgeukia mama. Mama akafungua mdomo, na mimi nikaamka.

Kulikuwa kumekwisha kucha. Nilikuwa kitandani, viatu mguuni. Nikavivua nikatazama: miguu miwili, vidole kumi. Vidole vinaruhusiwa kuhesabiwa. Nikakaa pale nikijilaumu, mtu mzima, mstaafu, naota mawe yenye tai wakati Jumamosi iko kesho kutwa na fomu iko mezani haina namba.

Nje nikamsikia mama anapekua vyombo kwa fujo.

"Eliakimu! Bakuli langu la bluu umelipeleka wapi?"

"Sijaligusa, mama."

"Lilikuwa hapa jana. Na makande yangu yamepungua."

Nikatoka uani. Nilianza kusaidia kutafuta, mahali ambapo nilijua halipo, na nilikuwa bado nimeinama chini ya meza ya vyombo niliposikia pikipiki inazima mbele ya nyumba. Ni Kihwele, askari wa hifadhi, mtu wa Iringa mwenye watoto wanne na mke anayemlalamikia baridi ya huku. Mkono mmoja ameshika daftari lake la doria. Mwingine ameshika bakuli la bati lenye ukingo wa bluu.

"Shikamoo, mama. Hili si lako?"

"Marahaba. Umelitoa wapi?"

"Nimelikuta saa kumi na mbili na nusu juu ya bikoni namba saba. Lilikuwa na makande ya moto." Akatazama chini. "Nimeyala, mama, unisamehe. Nilikuwa sijanywa hata chai."

"Chumvi ilitosha?"

"Ilitosha kabisa."

Mama akalipokea bakuli, akaligeuza aone kama limebonyea. Chini yake kulikuwa na rangi nyekundu, mbichi, imejichapa kwa umbo la saba iliyogeuzwa.

"Hata mimi nimelishangaa hilo," Kihwele akasema. "Ile bikoni haijapakwa rangi tangu nihamie."

Nilishika nguzo ya jiko. Kihwele hakuniona. Alikuwa anafungua daftari, ana uso wa mtu anayetaka kumaliza jambo la aibu kwa kufuata utaratibu.

"Sasa mama, kitu nikikikuta ndani ya mpaka lazima nikiandike. Nimeandika tarehe. Mahali: Nkweni. Matumizi…" Akajikuna. "Chakula kuliwa kwa starehe. Nimeweka burudani, sikuona neno jingine. Imebaki safu moja, na bila hiyo mstari wote ni batili. Mwenye bakuli ni nani, na walikuwa watu wangapi?"

Hakuna fomu niliyowahi kuisoma kwa haraka kama nilivyousoma ule mstari wake nikiwa nyuma ya bega lake. Tarehe ya leo. Burudani. Kuandikwa hata mara moja, hata ya mtu mmoja. Nilitaka kusema mimi, niandike mimi, lakini nilikuwa nimerudia umri wa yule mtoto wa mgongoni, na nilisubiri kusikia mama atasemaje, kama nilivyosubiri maisha yangu yote. Nilijua atasema jembe moja. Nilijua na nikawa nimekwisha kukata tamaa kabla hajasema.

Mama alikuwa anafuta ile rangi kwa kidole gumba. Haikutoka.

"Bakuli ni langu," akasema. "Andika mtu mmoja."

"Mama," nikasema.

"Nyamaza wewe. Sihesabu mtoto wa mtu, najihesabu mimi. Na umri huu, kitakachopunguzwa kwangu ni nini tena?" Akamgeukia Kihwele. "Andika. Nakundwa. Mtu mmoja. Halafu uniletee niione."

Kihwele akaandika. Mama akalisogeza daftari karibu na macho, akaitazama ile moja kwa muda mrefu. Sijawahi kumwona mama anaogopa, na asubuhi ile niliona, na niliona pia kwamba haikumzuia. Nikatazama kuku.

"Nyembamba hivi," akasema, akarudisha daftari.

Jumamosi atapanda. Idadi iliyoandikwa ni mtu mmoja, kwa hiyo atavuka mpaka peke yake na kulaza jembe lake, na sisi wengine tutakaa na majembe yetu hatua moja upande wa kijiji, kando ya Bikoni, tukimwangalia. Fomu ya mwakani nimekwisha kuiomba. Mama ameniagiza jambo moja tu, kwamba nibebe mabakuli mawili ya makande, na sikumuuliza la pili ni la nani.